Sarafu Chini ya Sahani

Sokoni walimwita Gramu. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye kitambulisho chake na mdomoni mwa dada yake mkubwa, basi. Alikuwa fundi mizani, mwanamume mfupi wa miaka hamsini na minane, na kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa akizunguka vibandani na sanduku lake la mawe ya shaba, akipima vinavyopimia wenzake. Ukikosea kilo alikuvumilia. Ukikosea gramu alikusimanga mpaka jioni.

Kanuni yake ilikuwa moja. Kabla hajaweka jiwe lolote juu ya mizani, mwenye mizani alitakiwa ageuze sahani zote mbili na kuzionyesha chini.

"Geuza sahani," alimwambia muuza mchele asubuhi moja.

"Hata salamu, Gramu?"

"Salamu ipo. Geuza sahani."

Muuza mchele, mtu mnene mwenye kicheko cha karibu, alianza kutafuta kitambaa, kisha miwani, kisha akakumbuka kwamba alikuwa na mteja. Wapagazi waliokuwa wamekaa juu ya magunia wakaacha kutafuna miwa. Walijua kinachokuja. Gramu alinyoosha mkono, akageuza sahani mwenyewe, na chini yake ikaonekana sarafu, imebandikwa kwa chingamu.

"Haki ya Mungu sijui imefikaje hapo!"

"Ilipanda ngazi," Gramu alisema, akiibandua kwa ukucha. "Na ni mjanja kweli. Imekaa upande wa mawe, sio upande wa mchele. Kwa hiyo hii ni ya kuwanunulia wakulima. Gunia zito linaonekana jepesi, sivyo?"

Wapagazi wakaangua kicheko. Muuza mchele akakuna shingo.

"Mizani yako haina kosa," Gramu aliendelea, akimrudishia sarafu yake. "Imesema sawasawa kile ilichowekewa. Wewe ndiye uliyenyamaza."

Alifunga sanduku, akaweka kofia yake vizuri, akaondoka huku watu wakimpigia miluzi. Hakuna hata mmoja aliyejua kwamba chini ya kofia ile naye alikuwa na jambo alilolinyamazia.

Jambo lenyewe lilianzia kwenye picha. Miaka miwili nyuma binti yake wa pekee aliolewa, na mpiga picha, kijana mwenye mbwembwe, alipanda ghorofani ili ukoo mzima uingie kwenye fremu moja. Ukoo uliingia. Katikati yake, kati ya shela ya bibi harusi na kilemba cha mama yake, kulikuwa na duara linalong'aa. Gramu alitazama picha ile mara ya kwanza akadhani mtu amesahau sinia. Halafu akatambua koti lake chini ya lile sinia.

"Baba, mwanga umekupendelea," binti alisema, akajifunika mdomo.

Mke wake aliitundika sebuleni, mkabala na mlango. Kila mgeni aliyeingia, macho yalitua palepale. Gramu hakuhitaji futi kulijua duara lile. Lilikuwa na upana wa sahani ya mizani ya kilo mbili, bila kuzidi. Tangu siku hiyo alivaa kofia hata mezani.

Aliyemtia shimoni ni shemeji yake, kaka wa mke wake, dereva mstaafu wa malori. Shemeji alikuwa akisumbuliwa na tezi dume, hospitali wakampa vidonge, na baada ya mwaka mmoja alikuja kutembea akiwa na utosi mweusi kama kijana.

"Nilikwenda kutafuta njia ya mkojo, shemeji, nikarudi na nywele," alinong'ona, akimwonyesha pakiti iliyoandikwa finasteridi. "Za kuoteshea nywele ni dawa hiihii, ila kidonge chake ni kidogo mara tano. Wewe si fundi wa vipimo? Gawanya."

Gramu aliipokea pakiti ile, akaangalia mlangoni.

"Na yale mambo mengine?"

"Mambo gani?"

"Mambo ya... nyumbani. Watu wanasema dawa hizi zinamaliza homoni za kiume."

Shemeji alimkazia macho. "Unaniuliza mimi? Nyumbani kwako si kwa dada yangu?"

"Basi, sijauliza kitu."

Ndivyo alivyoanza. Kwenye chumba chake cha kazi, nyuma ya nyumba, alikuwa na mizani ndogo ya sonara yenye kioo pande zote, mizani inayoweza kupima hata unyusi. Kila Jumapili alikata vidonge kwa wembe robo robo, maana tano sawa hazikatiki, akapima kila robo, na iliyozidi aliikwangua mpaka ikalingana na wenzake. Karatasi ya maelezo iliyokuja na pakiti hakuisoma. Ilikuwa nyembamba na laini, akaona inafaa kufungia mawe yake madogo ya shaba yasipate kutu.

Mwezi wa sita wa vidonge, vinyweleo laini vikaanza kuota utosini. Mwezi wa kumi zilikuwa nywele. Na hapo ndipo uongo wake ulipopata mtoto, maana mke wake alikuwa akimpaka mafuta ya nyonyo kila wiki tangu siku ya ile picha.

"Njooni muone!" aliwaita majirani, akamvua mumewe kofia uani kama mtu anayefunua chungu. "Mlinicheka! Si mlinicheka?"

Gramu alisimama pale, kichwa kimeinamishwa, vidole vya wanawake watatu vikichambua utosi wake. Angesema nini? Kabla ya mwezi kuisha mke wake alikuwa amejaza mafuta yale kwenye vichupa na kuvigawa nusu ya mtaa. Waume wa mtaa ule walipokaa barazani jioni, vichwa vyao viling'aa kama sufuria mpya, na hakuna hata unywele mmoja ulioota.

"Wewe ulipakwa mara ngapi kwa wiki?" mwashi wa nyumba ya tatu alimuuliza.

"Uvumilivu," Gramu alijibu, akaharakisha kupita.

Kila baada ya miaka miwili chama cha wafanyabiashara wa soko kilileta wauguzi kupima damu wanaume waliovuka hamsini. Mara ya mwisho, kabla ya vidonge, kipimo cha tezi dume cha Gramu kilikuwa tatu kamili, namba isiyotisha. Safari hii meza iliwekwa mbele ya ghala la mchele, foleni ikajipanga kwenye jua, na muuguzi, mama mwenye sauti ya kuita watoto watoke mtoni, aliuliza kila mtu maswali yaleyale.

"Dawa unazotumia?"

Nyuma ya Gramu alisimama muuza mchele. Nyuma ya muuza mchele, wapagazi.

"Hakuna," Gramu alisema.

"Hakuna kabisa? Hata za mitishamba?"

"Dada yangu, nimesema hakuna."

Muuguzi akachora mstari kwenye fomu. Majibu yaliporudi yalisema tatu nukta moja. "Uko palepale, mzee," alimwambia. "Ningetamani wote wawe kama wewe." Gramu akatembea siku hiyo kifua mbele, akimwambia kila aliyetaka na asiyetaka kusikia kwamba mwili wake ni mizani iliyopigwa muhuri.

Wiki tatu baadaye binti yake akaja nyumbani na mimba ya miezi saba, kupumzika kwa mama yake mpaka ajifungue. Alikuwa mwalimu wa sayansi, mtu asiyeweza kukaa bure. Siku ya pili aliingia chumba cha kazi na ndoo na tambara.

"Baba, hiki chumba au pango? Hii mizani ina unga gani juu?"

"Chaki," Gramu alisema haraka, bila kuinua macho kutoka kwenye mshale wa mizani aliokuwa akiunyoosha.

"Chaki ya nini?" Akainama kutazama, mikono nyuma kwa sababu ya uzito wa tumbo. Kando ya mizani palikuwa na robo mbili za kidonge na wembe. Kisha akachukua karatasi iliyofungia jiwe la gramu tano, akaikunjua, akaanza kusoma kwa sauti ya darasani.

"Mwanamke mjamzito asiguse vidonge vilivyokatwa au kusagwa, dawa inaweza kupita kwenye ngozi na kumdhuru mtoto wa kiume aliye tumboni..." Akarudi nyuma hatua mbili. "Baba!"

Mshale ulimtoka Gramu mkononi. "Umegusa? Umegusa huo unga?"

"Sijagusa. Karatasi tu."

"Kanawe! Kanawe kwa sabuni! Nenda!"

Alipokuwa ananawa, Gramu alisimama katikati ya chumba, mikono imening'inia. Binti alirudi, akasimama mlangoni, hakuvuka kizingiti. Karatasi aliyotoka nayo alikuwa ameishika tena, kwa ncha za vidole.

"Hizi ni zako?"

Gramu aliinama kuokota mshale wake.

"Ni za nywele," binti alisema taratibu, na Gramu akaona midomo yake inapigana na kicheko. Kisha macho yakashuka mstari mwingine na kicheko kikafa. "Baba, ulipopimwa juzi uliwaambia unatumia hizi?"

"Kwa nini?"

"Hapa wanasema dawa inashusha kipimo cha damu cha tezi dume kwa karibu nusu. Anayetumia lazima amwambie daktari, ili namba izidishwe mara mbili."

Gramu alikaa juu ya sanduku lake. Hakuhitaji kalamu. Tatu nukta moja mara mbili. Palepale alimwona muuza mchele, na sahani iliyogeuzwa, na sarafu upande wa mawe, gunia zito likionekana jepesi. Kipimo hakikuwa na kosa. Kilikuwa kimesema sawasawa kile kilichowekewa.

"Sita nukta mbili," alisema. "Sikukaa palepale, mwanangu. Nimepanda mara mbili, na mimi mwenyewe ndiye niliyebandika sarafu."

Kesho yake alikwenda kliniki. Alikuwa amejiandaa kusema kwa daktari, mlango ukiwa umefungwa. Lakini kwenye meza ya kupokelea alimkuta muuguzi yuleyule, na kwenye benchi, kwa bahati ambayo Gramu aliita mbaya wakati ule, alikuwepo muuza mchele na wapagazi wawili waliokuja kuchukua majibu yao.

"Mzee wa palepale!" muuguzi alimpokea. "Umesahau nini?"

Gramu alitazama benchi. Angeweza kusema amekuja kumwona mgonjwa. Aliwaza hivyo kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Halafu akavua kofia, akaiweka mezani.

"Nilikudanganya, dada yangu. Uliniuliza dawa, nikasema hakuna. Natumia vidonge vya tezi dume mwaka mmoja na nusu sasa. Vya kuotesha nywele."

Kisha muuza mchele akapiga paja lake.

"Gramu! Geuza sahani!"

"Nimegeuza," Gramu alisema bila kumtazama. "Cheka, ni zamu yako."

Muuguzi hakucheka. Alitoa fomu, akakata ule mstari wake, akaandika juu yake, akamshika mkono hadi kwa daktari.

Daktari alikuwa mwanamke wa umri wa binti yake, mpole, mwenye kuchora wakati anaongea. Alimsikiliza mpaka mwisho, pamoja na habari ya wembe na mizani ya sonara, ambayo ilimfanya ainame kidogo kuficha uso.

"Umewahi kuishi karibu na kinu, baba?" aliuliza.

"Sana. Nimepima mizani za vinu vyote mjini hapa."

"Vizuri. Homoni kuu ya kiume inaitwa testosteroni. Chukulia hayo ndiyo mahindi. Sehemu yake mwili huipeleka kinuni, ikageuzwa kuwa homoni nyingine iliyo kali zaidi. Hiyo kali ndiyo inayonyausha mizizi ya nywele za utosini kwa waliorithi upara, na hiyohiyo ndiyo inayoilisha tezi dume mpaka inanenepa. Kidonge chako kinafunga kinu. Ile homoni kali inashuka, zaidi ya nusu yake inapotea. Nywele zinapumua, tezi inasinyaa."

"Na mahindi?" Gramu aliuliza, sauti ikiwa ndogo. "Yanaisha?"

"Yataishaje wakati hayasagwi? Yanabaki, pengine yanaongezeka kidogo. Wanaosema dawa hii inamaliza homoni zote za kiume hawajui. Ila wapo wanaume wachache ambao kinu kikifungwa, hamu inapungua, au nguvu. Kwako ikoje?"

Gramu alitazama dari. Alihesabu mbao zake.

"Mizani ya nyumbani haijalalamika," alisema mwishowe.

Daktari aliandika kitu, bila kuinua kichwa, mabega yakimtikisika. Lakini aliporudi kwenye namba alikuwa makini. "Tezi iliyofungiwa kinu hutoa damuni nusu tu ya kile tunachopima. Ulikuwa na tatu. Kwa dawa hii tungetegemea uwe na moja na nusu. Kukaa palepale, kwako wewe, ni kupanda. Acha vidonge kwanza, na tusipoteze muda."

Walipima tena damu. Wakampiga picha ya ndani. Wakachukua vipande vidogo vya tezi kwa sindano, siku ambayo Gramu aliapa hataisimulia kwa mtu. Na siku ya majibu alimchukua mke wake.

Ilikuwa saratani. Ndogo, daktari alisema, na bado imo ndani ya tezi, haijatoka nje. "Inatolewa, baba. Tunaitoa yote pamoja na tezi yenyewe. Ungeamini ile tatu nukta moja mpaka miaka miwili ijayo, siku hiyo nisingeweza kukwambia maneno haya."

Nje ya kliniki, kwenye ukuta mfupi, mke wake alikaa, akapakata mkoba wake. Gramu alisubiri kilio.

"Kwa hiyo," alisema, "haikuwa mafuta yangu."

"Haikuwa."

"Miaka miwili nakukanda hicho kichwa. Nimempa mke wa mwashi chupa tatu. Mwashi anakwenda kazini vumbi lote la saruji linamganda kichwani!"

"Nisamehe, mke wangu."

"Mume wangu, ungekufa!" Akampiga begani kwa mkoba, mara moja, mara mbili, kisha akamshika bega lilelile na kulilaza kifuani kwake, na hawakujua wenyewe kama wanacheka au wanalia. Mpita njia mmoja aliwapisha kwa heshima.

Alifanyiwa upasuaji mwezi uliofuata. Siku tisa kabla yake binti alijifungua mtoto wa kiume, mzima, mwenye sauti ya dalali, na Gramu aliingia chumba cha upasuaji akiwa ameshampima mjukuu mwenyewe: kilo tatu na gramu mia nne na kumi. Baadaye ilikuwa kazi. Miezi minne hakuweza kucheka bila kulowa, alitembea na nguo ya akiba kwenye sanduku la mawe. Mambo ya nyumbani nayo yalihitaji subira na mazungumzo ambayo mke na mume wale hawakuwahi kuyafanya katika miaka thelathini. Waliyafanya. Nywele nazo ziliaga, moja moja, hadi sahani ya kilo mbili ikarudi mahali pake.

Kipimo cha kwanza baada ya upasuaji muuguzi alimletea mwenyewe, mkononi. Gramu alivaa miwani. Aliisoma karatasi, akaivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mashine haikuona kitu. Miaka thelathini na mmoja alikuwa akikaza na kulegeza skrubu, akishikilia pumzi, akitafuta alama hiyo hiyo kwenye mizani za watu.

"Sifuri," alisema.

"Sifuri, mzee wangu."

"Na sahani tupu?"

"Sahani tupu kabisa. Hakuna kidonge, hakuna uongo."

Gramu akaikunja karatasi ile mara nne, akaiweka kwenye sanduku, chini ya mawe yote.

Wauguzi waliporudi sokoni safari iliyofuata, foleni ilizunguka ghala la mchele mpaka kwenye vibanda vya mboga. Shemeji alikuja pia, kutoka ng'ambo ya mji, na pakiti yake mkononi, ameiinua juu kama tiketi. Muuguzi hakupata hata nafasi ya kuuliza.

"Natumia za presha!" mwashi alitangaza.

"Mimi mizizi ya kuongeza nguvu," alisema mpagazi mmoja, wenzake wakapiga kelele. "Chekeni! Andika, mama, andika!"

Muuza mchele alipofika mezani alitazama chini, akatazama juu, akamwona Gramu amesimama pembeni na mjukuu mgongoni.

"Mimi," alisema kwa sauti iliyojaribu kuwa ndogo, "za nywele. Miezi minane."

Soko likapasuka kwa kicheko. Gramu alingoja kelele zipungue, akasogea hadi mbele ya yule mtu mnene aliyekuwa amefunika uso kwa viganja, akavua kofia yake na kumwinamishia utosi wake mtupu, unaowaka jua la saa nne, ili watu wote waone.

"Haya, na wewe leo mizani yako ni ya haki," alisema. "Nitaipiga muhuri."

Na yule mpiga picha mwenye mbwembwe, ambaye siku hizo alikuwa na kibanda cha simu karibu na ghala, alipotoa kichwa kuona kuna nini, Gramu alimpungia kofia na kumwelekeza kwenye ngazi ya ghala.

"Panda juu, kijana! Unipige kutoka juu!"